Kushirikisha si kuiba: video ya mwanainchi iko na mwenyewe



Kila siku vijana wa inchi yetu wanatoka na telefone mkononi. Wanachukua video ya barabara iliyooza, ya wamama waliofanya mstari ku robine isiyotoa maji, ya mtu wa silaha anayeomba feza ku bariere, ya matanga, ya mchezo wa kuchekesha. Wanalipa mega na feza yao wenyewe. Wanangoja usiku wa manane ndipo rezo ipatikane, video ipande.

Kiisha kunakucha, na video yao imekuwa ya mwingine. Inatembea ku ukurasa wenye wafuasi wengi, jina limekatwa, muziki mwingine umewekwa, maneno ya chini yamebadilishwa. Mwenye kuichukua anaitazama sawa vile mgeni.

Tunaandika leo juu ya jambo hilo. Wengine watasema inchi iko ndani ya vita na njaa, na sisi tunalilia video. Tunawajibu hivi: video ikinyanganywa mwenyewe, vitu vitatu vinapotea pamoja nayo. Cha kwanza ni jasho la aliyeifanya. Cha pili ni ukweli wa kile inachoonyesha. Cha tatu, mara nyingine, ni usalama wa mtu anayeonekana ndani. Hapa kwetu hicho cha tatu njo kinatunyima usingizi.

NAMNA WIZI UNAFANYIKA

Hakuna uchawi ndani yake. Mtu anakamata linki ya video yako ya YouTube, TikTok ao Facebook, anaitia ku sayiti ya kushushia video, na kisha dakika mbili iko ndani ya telefone yake. Jina lako likiwa ku kona, anakata kona. Wengine wanageuza picha, mkono wa kuume unakuwa wa kushoto. Wengine wanakimbiza mwendo kidogo ao wanazungusha rangi pembeni, ili mashine zinazotambua video zilizofanana zisiitambue. Kiisha wanaiweka kwao. Na chini wanaandika bila haya: fuateni ukurasa wetu.

Njia ya pili ni WhatsApp. Video inaingia ku grupe la familia, kutoka pale inaenda ku grupe la kanisa, kutoka pale ku grupe la kartie. WhatsApp inaipunguza uzito, na habari zilizokuwa ndani ya faili, siku, saa na mahali, zinabaki njiani. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2019 ujumbe hauwezi kupelekwa kwa zaidi ya mazungumzo 5 mara moja. Hiyo inapunguza mbio, lakini haimrudishii mwenyewe jina lake. Video ikifika ku grupe la kumi, hakuna anayejua ilitoka wapi, na hakuna anayeuliza.

Kuna njia ya tatu, na hii inauma juu inatoka kwa watu waliosomea kazi: vyombo vya habari. Televisheni inaonyesha video ya kijana wa Beni ao wa Bunia, na chini inaandika "picha: mitandao ya kijamii". Mitandao ya kijamii haijawahi kushika telefone. Mtu njo alishika, tena pengine alishika mikono ikitetemeka.

JASHO LA VIJANA

Tuanze na jasho, juu njo linaloeleweka mbio. Goma, Bukavu, Lubumbashi, Kisangani, kila mji uko na vijana wanaofanya michezo ya kuchekesha, miziki, habari za kartie, mafundisho ya kupika na ya kulima. Wengi walijifunza montaji peke yao, ku telefone iliyopasuka kioo. Umeme ukikatika wanalipa ku nyumba ya kusharji. Mega zikiisha wanangoja juma lingine.

Kwa kazi ya namna hiyo, hesabu ya watazamaji njo mshahara. Mwenye duka anayetaka tangazo anauliza kwanza: video zako zinatazamwa na watu wangapi? Sasa tuseme video ya kijana imetazamwa mara elfu mbili kwake, na mara elfu mia ku ukurasa wa aliyeichukua. Huyo mwenye duka atamwita nani? Mwizi hakuchukua tu video moja. Amechukua pia tangazo ambalo lingelipa video inayofuata. Na kijana akichoka na kuacha, tutakaa tunalalamika kwamba kwetu hakuna vipaji, kumbe tulivila sisi wenyewe.

UKWELI USIO NA BABA

Kitu cha pili ni ukweli. Wazee wanajua: neno lisilo na msemaji halisimami mbele ya baraza. Video nayo ni vilevile.

Tukumbuke mwaka 2017. Mwezi wa pili, video ilizunguka inayoonyesha watu wenye mavazi ya kijeshi wakiua wanainchi huko Mwanza-Lomba, Kasai ya Mashariki. Jibu la kwanza la serikali lilikuwa kwamba hiyo ni montaji. Ni kisha mwezi mzima, katika mwezi wa tatu, njo mkaguzi mkuu wa jeshi alitangaza kwamba wanajeshi saba walikuwa wamekamatwa. Tunajifunza nini pale? Video ikitembea bila baba wala mama, neno la kwanza la mwenye nguvu ni "montaji". Na kila mara inapokatwa, inapogeuzwa, inapobandikwa muziki na mtu mwingine, tunampatia mwenye nguvu sababu ya kusema hivyo. Ataonyesha ule muziki, ataonyesha ile kona iliyokatwa, na atasema: tazameni, hii imeguswa. Na kwa hilo hatakuwa amesema uongo.

Sasa tuweke mfano mwingine pembeni ya huo. Mwezi wa tisa 2018, mahakama ya kijeshi huko Bukavu iliwahukumu wakubwa wawili wa FDLR kifungo cha maisha juu ya makosa dhidi ya ubinadamu yaliyofanyika ku vijiji vya Kamananga na Lumenje, Kivu ya Kusini. Kati ya ushahidi kulikuwa picha zilizochukuliwa na programu ya telefone inayoitwa eyeWitness. Hiyo programu inaandika yenyewe siku, saa na mahali, na inatunza picha kwa namna ambayo mahakama inaweza kuhakikisha kwamba haikubadilishwa. Picha zile hazikuanza safari yake ku magrupe. Zilikuwa na njia inayojulikana, tangu mkono uliozichukua mpaka meza ya mwamuzi.

Tofauti ya picha hizi mbili haiko ndani ya damu inayoonekana. Iko ndani ya swali moja: nani alichukua, wapi, siku gani, na imepitia mikono gani? Kila mtu anayeiba video na kufuta jina anafuta jibu la swali hilo. Anaweza kuwa na moyo mzuri, anaweza kufikiri anasaidia wanainchi wajue. Matokeo ni yaleyale.

Na kuna uongo mwingine unaozaliwa pale. Video ya mwaka uliopita inapewa tarehe ya leo. Video ya mji mmoja inapewa jina la mji mwingine. Hapa mashariki, ambapo majirani wameshaumizana vya kutosha, maneno manne mabaya chini ya video ya zamani yanaweza kuamsha kijiji kimoja juu ya kingine. Aliyechukua video angejibu mara moja: hapana, hii niliichukua mimi, ilikuwa pahali fulani, siku fulani. Lakini jina lake limefutwa, kwa hiyo hakuna anayejua kwamba yeye njo wa kuulizwa.

UHAI WA MTU ALIYEMO

Tunafika ku kitu cha tatu. Mtu anakubali kusema mbele ya kamera yetu. Mama anaeleza namna shamba lake lilinyanganywa. Kijana anaonyesha kovu. Wanakubali juu wanatuamini, na tunawaambia: mukibadilisha mawazo, mutuambie, tutaiondoa.

Na tunaweza kuiondoa kweli, lakini kwetu tu. Hapo wengi hawaelewi kazi ya mitandao inavyokwenda. Ukishirikisha linki ya video, wewe unaonyesha njia tu. Video yenyewe inabaki pale ilipowekwa. Mwenyewe akiifuta, linki zote zinakufa siku hiyohiyo, hata kama zilikuwa elfu. Lakini ukiishusha na kuiposti upya, umezaa video ya pili isiyomjua mama yake. Mwenyewe akifuta ya kwake, ya kwako inaendelea kutembea. Akificha uso wa shahidi, kwako uso bado uko wazi.

Tangu Goma ilipochukuliwa na AFC/M23 mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi wa pili, hatuhitaji kumweleza mtu wa hapa maana ya uso kubaki wazi. Jana video ilikuwa malalamiko juu ya maji. Leo kuna mwenye silaha mwingine ku bariere, na anatazama telefone za watu. Mambo yanageuka, lakini video iliyoibiwa haigeuki pamoja nayo. Yule mama alikubali kusema siku moja, mbele ya watu fulani, ndani ya hali fulani. Hakukubali kusema milele, mbele ya kila mtu, chini ya maneno ambayo hakuyasoma.

"LAKINI SI MUNATAKA VIDEO ZENU ZIFIKE MBALI?"

Swali hilo tunaulizwa kila mara, na ni la haki. Ndiyo, tunataka zifike mbali. Hatuuzi video zetu, hatuzifungi ku sanduku. Mtu wa Kindu ajue kinachopita Butembo, mtu wa Kinshasa ajue kinachopita Ituri. Tunaomba mushirikishe, hata usiku wa manane mushirikishe. Lakini kuna namna.

Habari yenyewe haina mwenyewe. Daraja likivunjika, kila mtu ana haki ya kusema daraja limevunjika, bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Hata mapatano ya dunia juu ya haki za watunzi, yale ya Berne, yanasema kwamba habari za siku kama habari haziingii ndani ya ulinzi huo. Yanakubali pia kwamba mtu anaweza kutaja kipande cha kazi ya mwingine, kwa kiasi kinachofaa, akisema kilitoka wapi. Kwa hiyo mwandishi wa habari anayeonyesha kipande kifupi ili akieleze ao akipinge, na anayetaja jina, hatugombani naye. Tunamshukuru.

Tunagombana na anayechukua video nzima, anafuta jina, anaweka lake. Huyo hakushirikisha. Ukiazima jembe la jirani, unalirudisha na mpini wake. Ukikata mpini wake ukatia wako, hata watoto wanajua jina la kitendo hicho.

SHERIA INASEMA NINI

Wengi wanafikiri kwamba kitu kikishawekwa ku intaneti kimekuwa cha wote. Si kweli. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 46, inasema haki za mtunzi zinalindwa na sheria. Kifungu cha 31 kinalinda maisha ya ndani ya kila mtu. Tangu mwaka 1986 tuko na sheria nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili, inayohusu haki za watunzi. Inchi yetu iko pia ndani ya mapatano ya Berne tangu 1963, na mapatano hayo yanasema kwamba haki ya mtunzi inazaliwa pamoja na kazi yenyewe: huhitaji kulipa karatasi wala muhuri ndipo video yako iwe yako. Yanampa pia haki ya kutajwa jina, na haki ya kukataa kazi yake isiharibiwe kwa namna inayomvunjia heshima.

Sheria ya 1986 ilitoka wakati telefone ya mkononi haikuwa imeenea kwetu. Tarehe 13 Machi 2023 ilitoka sheria mpya ya mambo ya dijitali, nambari 23/010. Ndani yake kuna kifungu cha 360 kinachoazibu mtu anayeanzisha ao anayepeleka habari ya uongo juu ya mtu kupitia mitandao. Wenye kuiba video na kuibandika maneno ya uongo wajue kwamba neno "anayepeleka" linawagusa. Lakini na sisi tunaweka macho wazi: kifungu kama hicho kinaweza kugeuzwa fimbo ya kumpigia yule aliyechukua video ya kweli inayomkasirisha mkubwa fulani. Hatutaki ulinzi wa video uwe mlango wa kufunga midomo.

TUFANYE NINI, TANGU LEO

Sheria iko mbali, mahakama iko mbali zaidi. Kwa hiyo tuanze na kilicho mkononi mwetu.

Kabla ya kuposti. Tunza faili ya kwanza, ile iliyotoka ku kamera, bila kuigusa. Iweke pahali pawili, kwa mfano ku karte ya kumbukumbu na kwa rafiki unayemwamini. Montaji uifanyie nakala. Faili ya kwanza njo cheti cha kuzaliwa cha video yako. Ukiipeleka kwa avoka ao kwa mtetezi wa haki kupitia WhatsApp, itume kama dokima, usiitume kama video, juu kwa njia ya dokima haipunguzwi.

Jina usiliweke ku kona. Liweke karibu na katikati, liwe jepesi la kupitisha macho, ao libadilishe mahali kila kisha sekunde chache. Anayetaka kulikata atapashwa kukata na picha. Sema pia kwa sauti, mwanzoni na katikati: pahali, tarehe, na jina la ukurasa ao la kikundi.  Kama kuna hatari, taja kikundi, usitaje jina lako wala la kijiji cha shahidi.

Nyuso za mashahidi zifichwe kabla video haijatoka ndani ya telefone. YouTube iko na chombo cha kuficha nyuso tangu 2012, lakini kama video ilishatoka wazi kwa saa moja, saa hiyo moja inatosha kwa mwizi. Sauti nayo inajulikana kartieni, ibadilishwe ikihitajika.

Kisha wizi. Usikimbie kutukana ku komanteri. Kwanza tunza ushahidi: picha ya eskrini, linki kamili, tarehe, jina la ukurasa. Kiisha mwandikie mwenye ukurasa kwa heshima, mara moja, ukimwonyesha video yako na siku uliyoiweka. Tumeona wengi wanaondoa ao wanaongeza jina, juu kweli hawakujua.

Akikataa, YouTube, Facebook na TikTok ziko na fomu ya kulalamika juu ya haki ya mtunzi. Ku YouTube, konti inayopata maonyo matatu ndani ya siku 90 inaweza kufungwa kabisa. Hiyo si nguvu ndogo. Lakini mujue mambo mawili mbele ya kujaza fomu. La kwanza, aliyechukua video anaweza kupinga, na YouTube inakupa siku 10 za kazi kuonyesha kwamba umefungua mashitaka, la sivyo video inaweza kurudi. La pili ni zito zaidi: jina unaloliandika kama mwenye haki linaweza kuonekana mbele ya watu, pale video iliyoondolewa ilikuwa, na anwani yako inaweza kufika kwa yule unayemshitaki. Kama video inaonyesha watu wa silaha, usijaze fomu hiyo na jina lako. Tafuta avoka, shirika ao chombo cha habari unachokiamini, wajaze wao.

Na neno moja kwa wenzetu wa harakati: mbele ya kuomba video yoyote ya mauaji iondolewe, hakikisheni kwamba nakala nzuri imetunzwa. Kuondoa wizi kusigeuke kufuta ushahidi.

TUNAYODAI

Kwa wenye kurasa kubwa na chaneli: mujue kwamba wafuasi wenu ni wengi kwa sehemu juu ya kazi za wengine. Shirikisheni linki. Linki ikikosa, ombeni ruhusa. Ruhusa ikitoka, andikeni jina mwanzoni, si chini kabisa ambapo hakuna anayesoma. Mwenyewe akiomba muondoe juu ya usalama wa mtu, ondoeni siku hiyohiyo, bila mabishano.

Kwa redio, televisheni na magazeti ya intaneti: acheni kuandika "mitandao ya kijamii" kama jina la mpiga picha. Tafuteni mtu. Munaweza kumlipa, hata kidogo. Na akiomba jina lake lisitajwe, andikeni kwamba mwenyewe ameomba hivyo.

Kwa makampuni ya mitandao: chombo cha YouTube kinachotambua video iliyorudiwa, Content ID, kiko tangu 2007. Cha Facebook, Rights Manager, kiko tangu 2016. Lakini vyombo hivyo havipewi kila mtu. Vinaenda kwanza kwa wenye mali nyingi ya video. Kijana wa Uvira mwenye video thelathini naye ni mtunzi. Tunadai njia nyepesi kwake, fomu anazoweza kusoma kwa Kiswahili na Kilingala, na ulinzi wa jina la mwenye kulalamika pale uhai wake uko hatarini.

Kwa serikali na bunge: sheria ya 1986 isogezwe mpaka wakati wetu, na sheria ya 2023 isitumike kuwinda wanaochukua video za ukweli. Kwa SOCODA, yenye kusimamia haki za watunzi tangu 2011: mlango wenu ufunguke pia kwa wenye video, usiwe wa wanamuziki tu. Muje mujini kwetu, mueleze kwa lugha yetu namna kijana anajiandikisha na namna analalamika.

Kwa kila mwanainchi mwenye telefone: kazi yako ni ndogo, na njo inayobeba zingine zote. Video ikikufikia, jiulize mambo matatu mbele ya kuituma: nani aliichukua, ni ya lini, na kuna uso ndani unaoweza kumletea mtu matata? Kama hujui jibu, uliza aliyekutumia. Kama naye hajui, iache imalizikie kwako. Hakuna aliyekufa juu ya video ambayo haikutumwa.

Sisi wenyewe tunajifunga kwa masharti hayohayo. Video isiyo yetu haitapanda ku kurasa zetu bila jina la mwenyewe ao bila ruhusa yake. Shahidi akitupigia simu na kusema "ondoeni", tutaondoa kwanza, maswali yatafuata. Mukituona tumekosa, mutuandikie mbele ya watu wote, hatutaficha.

Wandugu, tunapigania inchi ambamo shamba liko na mwenyewe anayeheshimiwa, ambamo mshahara wa mwalimu hauishii mfukoni mwa mwingine, ambamo mali ya udongo wetu haiandikwi jina la mgeni. Hatuwezi kudai hayo mchana, na usiku tukakata jina la kijana mwenzetu ku kona ya video yake. Tuanzie pale, ku kona hiyo ndogo.

Shirikisha. Taja jina. Linda uso wa shahidi.

Ni sisi, vijana wa harakati ya wanainchi, Goma, Bukavu, Beni, Bunia, Kisangani, Lubumbashi na popote tulipo.